Valvu, Transista na Programu: Historia ya Uchaguzi wa Amplifaya ya Gitaa la Umeme, 1932–2022

Ikisiri

Insha hii inachunguza historia ya uchaguzi unaomkabili mpiga gitaa la umeme wa leo: kutumia amplifaya ya valvu au kutumia kiigaji cha kidijitali. Mjadala juu ya suala hili huendeshwa mara nyingi kana kwamba upande mmoja una sauti ya asili na upande wa pili una nakala tu. Insha inaonesha kwamba mgawanyo huo hauungwi mkono na historia. Mkwaruzo wa valvu ulianza ukiwa kasoro, na amplifaya ya kwanza ya Marshall ya mwaka 1962 yenyewe iliundwa kwa kuiga ya Fender. Hoja inayotetewa ni kwamba tofauti kubwa iliyobaki kati ya vifaa hivi viwili ni tofauti ya utegemezi. Amplifaya ya valvu humfunga mwanamuziki kwa viwanda vichache vya kioo na chuma, ilhali kiigaji humfunga kwa kampuni inayomiliki programu.

1.0 Utangulizi

Gitaa la umeme ni ala isiyojitosheleza. Nyuzi zake hutetemeka juu ya kinasa mtetemo kilichoundwa kwa sumaku na waya mwembamba, na mtetemo huo hugeuzwa kuwa umeme hafifu usioweza kusukuma spika. Kazi ya amplifaya ni kuukuza umeme huo. Hata hivyo, katika kuukuza huubadilisha pia, na kwa kiasi kikubwa mabadiliko hayo ndiyo yanayoitwa sauti ya gitaa la umeme. Kwa sababu hiyo, kuchagua amplifaya ni sehemu ya kuchagua ala yenyewe.

Maneno mawili yanahitaji kufafanuliwa mapema. Valvu ni chupa ndogo ya kioo iliyoondolewa hewa, ambayo ndani yake kipande cha chuma kilichopashwa moto hutoa elektroni zinazovutwa na kipande kingine chenye volti nyingi. Wavu mdogo uliowekwa kati ya vipande hivyo huudhibiti mkondo huo, hivyo umeme hafifu wa gitaa unaoingia kwenye wavu hutawala umeme mkubwa unaotoka. Valvu ya aina hii ilitokana na kazi za John Ambrose Fleming mwaka 1904 na Lee de Forest mwaka 1906. Kiigaji cha kidijitali ni kifaa kinachougeuza umeme wa gitaa kuwa tarakimu, kikazipitisha katika programu inayokokotoa namna amplifaya fulani ingeziathiri, kisha kikazigeuza tena kuwa umeme na hatimaye sauti.

Swali linaloongoza insha hii ni hili: ni mambo gani ya kihistoria yaliyoifanya amplifaya ya valvu kuwa kipimo ambacho vifaa vyote vilivyofuata vilipimwa nacho, na je, kipimo hicho bado kinatosha kumwongoza anayechagua leo? Mkabala uliotumika ni wa historia ya teknolojia, ambao haukitazami kifaa peke yake bali pia vipuri vilivyopatikana, bei, sheria, na mazoea ya watu waliokitumia. Uchunguzi umejikita zaidi Marekani na Uingereza, ambako amplifaya zilizogeuka vigezo ziliundwa. Muziki wa dansi wa Afrika Mashariki na Kongo umeguswa pale tu unapotoa ushahidi wa kuupima ubavu wa kigezo hicho.

2.0 Kasoro Iliyogeuka Kipimo, 1932–1966

Gitaa la umeme lilianza kuuzwa kibiashara mwaka 1932 huko Los Angeles, kutokana na ushirikiano wa George Beauchamp na Adolph Rickenbacker. Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ilitoa gitaa la ES-150, ambalo lilipata umaarufu mikononi mwa Charlie Christian. Lengo la kipindi hicho lilikuwa bayana: gitaa lisikike mbele ya matarumbeta na ngoma za bendi za jazi. Amplifaya za wakati huo zilitumia valvu kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Redio, gramafoni na vipaza sauti vya ukumbini vilitumia valvu hizohizo. Hivyo basi, valvu haikuteuliwa kwa ajili ya ladha ya sauti yake.

Leo Fender, aliyekuwa fundi wa redio katika mji wa Fullerton, California, alitoka katika mazingira hayo. Amplifaya yake ya Bassman, iliyotolewa mwaka 1952, ilikusudiwa gitaa la besi. Mwishoni mwa muongo huo ilikuwa na spika nne za inchi 10, na wapigaji wa gitaa la kawaida walikuwa wameanza kuipenda. Fender na wenzake walilenga sauti safi. Mkwaruzo unaotokea amplifaya inapozidiwa waliuhesabu kuwa ishara kwamba kifaa kimefikia mwisho wa uwezo wake.

Wanamuziki waliufikia uamuzi tofauti kwa njia ya ajali. Katika rekodi ya “Rocket 88”, iliyofanywa Memphis mwaka 1951 katika studio ya Sam Phillips, amplifaya iliyoharibika ilitoa sauti ya mkwaruzo, na Phillips akaamua kuiacha. Mwaka 1958 Link Wray alitoboa spika zake ili kuupata mkwaruzo huo katika “Rumble”. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks aliichana spika yake kwa ajili ya “You Really Got Me”. Matukio haya matatu yanaonesha hatua za mageuzi. Kasoro ilivumiliwa kwanza, kisha ikatafutwa, na mwishowe ikawa alama ya mtindo mzima wa muziki.

Tukio lenye uzito zaidi kwa hoja ya insha hii lilitokea London. Jim Marshall, mpiga ngoma na mwenye duka la ala za muziki eneo la Hanwell, aliwasikia wateja wake wakitamani amplifaya za Fender ambazo bei yake baada ya kuingizwa nchini ilikuwa kubwa. Mwaka 1962, akiwa na mafundi Ken Bran na Dudley Craven, alitoa amplifaya iliyoitwa JTM45. Saketi yake ilifuata ile ya Fender Bassman karibu hatua kwa hatua. Kilichobadilika ni vipuri: transfoma, baadhi ya valvu, na spika za Celestion za inchi 12 zilizowekwa ndani ya kasha lililozibwa nyuma. Mabadiliko hayo, ambayo kwa sehemu kubwa yalitokana na vilivyopatikana madukani Uingereza, yalizaa sauti nzito na yenye ukali kuliko ile ya Bassman. Eric Clapton alipoifungulia kwa nguvu amplifaya ya Marshall katika rekodi ya albamu ya mwaka 1966 pamoja na John Mayall, sauti hiyo ikawa mfano ulioigwa na kizazi kizima.

Ni muhimu kusisitiza maana ya tukio hili. Amplifaya ambayo baadaye ilihesabiwa kuwa asili isiyoigika ilianza ikiwa nakala, na ubora wake ulitokana na mahali ambapo nakala ilishindwa kufanana na chanzo. Yeyote anayekikataa kiigaji kwa sababu tu kinaiga anatumia kigezo ambacho Marshall mwenyewe asingekipita.

3.0 Transista na Kushindwa kwa Mrithi wa Kwanza, 1966–1982

Transista iligunduliwa katika maabara za Bell nchini Marekani mwezi Desemba 1947. Ilikuwa ndogo, nyepesi, haikuhitaji kupashwa moto na haikuchoka upesi kama valvu. Katika redio ilishinda bila upinzani mkubwa. Afrika Mashariki yenyewe iliifahamu kupitia redio ndogo za betri zilizofika hadi vijijini. Ilitarajiwa kwamba amplifaya za gitaa zingefuata njia hiyohiyo.

Haikuwa hivyo. Kampuni ya Fender, iliyokuwa imenunuliwa na CBS mwaka 1965, ilitoa amplifaya za transista mwaka 1966. Zilipata sifa ya kuharibika mara kwa mara na ya kuwa na sauti kavu, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 ziliachwa. Sababu ya kiufundi inaeleweka. Valvu inapozidiwa hukata kilele cha wimbi kidogokidogo, kwa namna ya kukizungusha. Saketi za transista za wakati ule zilidumu zikiwa safi hadi mwisho wa uwezo wake, kisha zikakikata kilele ghafla, na mkato huo ulizalisha sauti za juu zinazochoma sikio. Kwa mpigaji aliyezoea kuongeza mkwaruzo kwa nguvu ya kidole, tofauti hiyo ilikuwa sawa na kupokonywa sehemu ya ala.

Mwaka 1973 Russell O. Hamm alichapisha makala katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti nchini Marekani akilinganisha valvu na transista. Alieleza kwamba, vinapozidiwa, vifaa vya valvu na vya transista hutofautiana katika mpangilio wa hamoniki, yaani sauti za juu zinazoambatana na sauti ya msingi. Makala hayo yamekuwa yakitajwa mara kwa mara katika mabishano ya wapigaji wa gitaa. Hata hivyo, Hamm alichunguza vikuzaji vya maikrofoni vya studio, si amplifaya za gitaa. Katika amplifaya ya gitaa, sauti huamuliwa pia na transfoma ya kutolea sauti, kushuka kwa volti pale nguvu inapohitajika kwa ghafla, pamoja na spika na kasha lake. Kwa hiyo hitimisho la “valvu ni bora” lilijengwa kwa sehemu juu ya ushahidi uliotolewa katika uwanja mwingine.

Ushahidi wa upande wa pili ulikuwepo pia. Mwaka 1975 Roland ilitoa Jazz Chorus JC-120, amplifaya ya transista iliyopendwa kwa sababu ya usafi wa sauti yake, na ambayo iliendelea kutengenezwa kwa miongo mingi. Mafanikio yake yanaonesha kwamba transista haikushindwa katika muziki wote, bali katika muziki uliohitaji mkwaruzo. Hapa ndipo muziki wa dansi wa Kongo na wa Tanzania unapotoa ushahidi wa maana. Katika mitindo hiyo magitaa ya solo na ridhimu husukana kwa noti zinazosikika moja moja, na uzuri wake hutegemea uwazi wa kila noti. Mpigaji wa mtindo huo hana sababu ya kimuziki ya kuuhesabu mkwaruzo wa valvu kuwa kipimo cha ubora. Kipimo hicho kilizaliwa na roki na bluu za Uingereza na Marekani. Kukifanya cha wote ni kusahau kilikotoka.

Mwaka 1982 Tom Scholz, mhandisi na kiongozi wa bendi ya Boston, alitoa Rockman, kifaa kidogo kilichomwezesha mpigaji kuusikia mkwaruzo kupitia hedifoni. Mwaka 1989 kampuni ya Tech 21 ya New York ilitoa SansAmp, iliyoiga amplifaya ya valvu kwa saketi za analojia. Vifaa hivi viwili vilibadilisha swali lenyewe. Tangu hapo watengenezaji hawakujiuliza tena namna ya kuifanya transista ikuze sauti vizuri, bali namna ya kuzalisha matokeo ya valvu bila valvu.

4.0 Kuja kwa Kiigaji, 1995–2021

Katika miaka ya 1990 vichakataji vya kidijitali vilipata kasi ya kutosha kukokotoa tabia ya amplifaya papo hapo. Roland ilitoa VG-8 mwaka 1995. Line 6, kampuni ya California iliyoanzishwa na Marcus Ryle na Michel Doidic, ilitoa amplifaya ya AxSys 212 mwaka 1996 na, mwaka 1998, kifaa chekundu chenye umbo la harage kilichoitwa POD. POD ilikusanya miigo ya amplifaya nyingi mashuhuri kwa bei iliyokuwa ndogo kuliko ya yoyote kati ya amplifaya hizo. Kwa mwanafunzi, au kwa mtu aliyerekodi nyumbani usiku, jambo hilo lilifungua mlango uliokuwa umefungwa kwa sababu ya bei na kelele.

Viigaji vya awali vilikuwa na udhaifu wa kweli. Kifaa cha kidijitali hupima wimbi mara nyingi kwa sekunde, kwa kawaida mara 44,100 au 48,000, na hakiwezi kuwakilisha kwa usahihi sauti iliyo juu ya nusu ya idadi hiyo. Mkwaruzo huzalisha sauti nyingi za juu. Zikivuka mpaka huo, hurudi chini zikiwa sauti ngeni zisizopatana na noti inayopigwa. Dawa yake ni kuongeza idadi ya vipimo ndani ya programu, jambo linalohitaji kichakataji chenye nguvu zaidi. Kwa hiyo lawama za wanamuziki wengi wa miaka ya 1990 hazikuwa kasumba. Zilitokana na mapungufu yaliyoweza kusikika, ambayo yalipungua kadiri vichakataji vilivyoimarika.

Njia tatu za kuiga zilijitokeza. Ya kwanza ni kuijenga upya saketi ndani ya programu, kipuri kwa kipuri. Kampuni ya Fractal Audio ilijulikana kwa njia hii kupitia Axe-Fx, na toleo lake la pili lilitoka mwaka 2011. Ya pili ni kuisikiliza amplifaya badala ya kuifungua. Mjerumani Christoph Kemper, aliyekuwa amejipatia jina kwa kinanda cha kielektroniki cha Virus, alitambulisha mwaka 2011 kifaa kinachotuma sauti za majaribio ndani ya amplifaya halisi, kikasikiliza matokeo kupitia maikrofoni, na kukokotoa wasifu wa amplifaya hiyo. Ya tatu ni kutumia mitandao ya neva bandia, ambapo programu hulinganisha sauti iliyoingia na iliyotoka na kujifunza uhusiano wake. Njia hii ilienea kupitia kampuni ya Neural DSP ya Helsinki, ambayo Quad Cortex yake iliwafikia wateja mwaka 2021, na pia kupitia programu huria ya Neural Amp Modeler.

Ishara mbili zinaonesha kwamba kufikia mwisho wa kipindi hiki kiigaji kilikuwa kimekubalika. Mwezi Desemba 2013 Metallica, bendi iliyojengwa juu ya mkwaruzo wa valvu, ilitumbuiza katika kituo cha Carlini huko Antaktika bila amplifaya za kawaida, na hadhira ikasikiliza kwa hedifoni. Magitaa yalipitia viigaji, na bendi ikaendelea kuvitumia katika ziara zilizofuata. Mwaka 2019 Fender yenyewe ilianza kuuza Tone Master Twin Reverb, mwigo wa kidijitali wa amplifaya yake ya valvu, ndani ya kasha linalofanana na la zamani. Mwenye asili alikuwa ameanza kuuza nakala yake mwenyewe.

5.0 Vigezo vya Anayechagua

Ikiwa suala la uasili halitoshi kuamua, anayechagua hubaki na vigezo vinavyoweza kupimwa. Kigezo cha kwanza ni mahali ambapo sauti inasikilizwa. Mpigaji anayesimama karibu na amplifaya ya valvu husikia spika ndani ya chumba na huhisi msukumo wa hewa mwilini. Hadhira ya ukumbi mkubwa, pamoja na msikilizaji wa rekodi, husikia kilichopokelewa na maikrofoni iliyowekwa mbele ya spika hiyo. Viigaji vingi huiga sauti ya pili, yaani amplifaya, spika na maikrofoni kwa pamoja. Kwa hiyo watu wawili wanaobishana, mmoja akidai kwamba kiigaji kinalingana kabisa na valvu na mwingine akidai kwamba hakina uhai, huenda wote wakawa wakweli, kwa kuwa hawasikilizi kitu kimoja.

Kigezo cha pili ni ukubwa wa sauti. Amplifaya ya valvu hutoa mkwaruzo wake mzuri inapofunguliwa sana, jambo lililokubalika majukwaani katika miaka ya 1960 na lisilokubalika katika nyumba za kupanga, makanisa na kumbi ndogo. Katika Umoja wa Ulaya, Agizo Na. 2003/10 kuhusu kelele kazini lilianza kuhusu pia sekta ya muziki na burudani mwaka 2008. Tangu hapo masikio ya mwanamuziki na ya wahudumu wa ukumbi yakawa suala la kisheria. Kiigaji hutoa sauti ileile kwa kiwango chochote, na hapa ubora wake hauna mshindani.

Kigezo cha tatu ni uzito. Twin Reverb ya valvu ina uzito wa karibu kilo 29, ilhali Tone Master inayoiiga ina karibu kilo 15, na kiigaji kisicho na spika hubebwa mkononi. Kwa mwanamuziki anayesafiri kwa basi, au anayepanda ngazi za ukumbi kila wiki, tofauti hiyo huamua muda atakaoendelea na kazi bila maumivu ya mgongo.

Kigezo cha nne ni kukawia kwa sauti. Viigaji huhitaji muda wa kukokotoa, ambao kwa vifaa vya sasa ni milisekunde chache. Katika hewa, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, hivyo mpigaji aliyesimama mita 3 kutoka kwenye spika yake huisikia baada ya karibu milisekunde 9. Kukawia kwa kifaa pekee, basi, si sababu ya msingi ya kukikataa, ingawa vifaa kadhaa vya kidijitali vikiunganishwa kwa mfululizo, muda huo hujumlishwa.

6.0 Aina Mbili za Utegemezi

Vigezo vilivyotajwa vinaelekea upande wa kiigaji. Hata hivyo, kuna kigezo cha tano ambacho mjadala wa sauti huelekea kukifunika, nacho ni hiki: ni nani anayemwezesha mwanamuziki kuendelea kukitumia kifaa chake baada ya kukinunua?

Valvu zinachakaa na lazima zibadilishwe. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980, viwanda vingi vikubwa vya valvu vya Marekani na Ulaya Magharibi vilikuwa vimefungwa au kupunguzwa, kwa kuwa redio, televisheni na kompyuta hazikuvihitaji tena. Uzalishaji ulibaki zaidi katika nchi za kisoshalisti. Rubani wa Kisovieti Viktor Belenko alipotoroka na ndege ya MiG-25 na kutua Hakodate, Japani, mwezi Septemba 1976, wataalamu walioichunguza walikuta vifaa vyake vya kielektroniki vikiwa na valvu. Baada ya Umoja wa Kisovieti kuvunjika, wapigaji wa gitaa wa Magharibi wakawa wateja wakuu wa viwanda hivyo. Katika karne ya 21 valvu nyingi za gitaa zimetoka katika nchi tatu: Urusi, Slovakia na China.

Udhaifu wa mpangilio huo ulidhihirika mwezi Machi 2022. Kufuatia vita vya Ukraine, Urusi ilizuia kusafirisha nje bidhaa kadhaa, na kampuni ya New Sensor ya New York, inayomiliki kiwanda cha valvu huko Saratov, iliwaarifu wateja kwamba usafirishaji umesimama. Baada ya muda mfupi usafirishaji uliruhusiwa tena, lakini siku hizo chache zilitosha kuonesha kwamba sauti inayosifiwa kuwa ya asili na ya kudumu hutegemea milango michache ya viwanda ambayo mwanamuziki hana sauti juu yake.

Upande wa pili una utegemezi wake. Amplifaya ya miaka ya 1950 inaweza kufunguliwa leo na fundi mwenye chuma cha lehemu, kipimo cha volti na mchoro wa saketi. Kapasita zake zikikauka hubadilishwa. Transfoma ikiungua husukwa upya. Kazi hiyo inahitaji ujuzi na tahadhari, kwa kuwa ndani yake huweza kuwa na volti zaidi ya 400 hata baada ya kuzimwa, lakini haihitaji idhini ya mtengenezaji. Kiigaji ni tofauti. Kichakataji chake kikiacha kutengenezwa, au programu inayokiunganisha na kompyuta isipofanyiwa maboresho kwa mifumo mipya, fundi wa mtaani hana la kufanya. Katika teknolojia hii, kifaa kinaweza kuwa kizima na bado kisitumike. Programu huria zinapunguza tatizo hili kwa kuwa msimbo wake unaweza kuchukuliwa na kuendelezwa na wengine, ila bado zinahitaji kompyuta ya kuziendesha.

Historia ya bendi za muziki wa dansi nchini Tanzania inalipa suala hili sura inayoeleweka. Bendi nyingi zilizoundwa katika miaka ya 1960 na 1970, kama NUTA Jazz ya jumuiya ya wafanyakazi, zilikuwa chini ya taasisi, na vyombo vilikuwa mali ya taasisi hizo. Mpiga gitaa aliyehama bendi aliviacha nyuma. Ujuzi ulikuwa wake, lakini uwezo wa kuusikilizisha ulikuwa wa mwajiri. Kiigaji cha bei nafuu kimempa mwanamuziki wa leo chombo anachoweza kukiita chake. Hata hivyo, pale ambapo matumizi ya chombo hicho yanategemea akaunti, leseni na seva za kampuni ya mbali, sehemu ya umiliki huo inabaki kwa mwingine. Suala la nani mwenye chombo halijaisha, limebadilisha mahali.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba amplifaya ya valvu haikuwa kipimo cha sauti ya gitaa kwa asili yake, bali ilifanywa kuwa kipimo na mfululizo wa matukio: valvu ndiyo pekee iliyokuwepo, kasoro yake ikapendwa, nakala ya Marshall ikaizidi asili kwa umaarufu, na transista ya kwanza ikashindwa katika jambo moja lililopewa uzito mkubwa. Kiigaji kimeingia katika mnyororo huo kikiwa nakala ya karibuni miongoni mwa nakala nyingi. Matatizo yake ya awali yalikuwa ya kweli, na kwa sehemu kubwa yamerekebishwa.

Kutokana na hayo, ushauri wa jumla kwamba kifaa kimoja ni bora kwa wote hauna msingi wa kihistoria. Anayepiga katika studio ya nyumbani, kanisani, au kwa kusafiri mara kwa mara ana sababu nzito za kuchagua kiigaji. Anayepiga karibu na spika yake, mwenye fundi wa kuaminika na uwezo wa kuweka akiba ya valvu, ana sababu nzito za kubaki na valvu. Wote wawili wanapaswa kuuliza, kabla ya kuuliza sauti ikoje, ni nani atakayekitengeneza kifaa hicho baada ya miaka ishirini na kwa vipuri vya nani.

Kuna jambo moja linaloyaunganisha makundi hayo mawili. Kila kiigaji kilichojengwa kwa kusikiliza kinahitaji amplifaya halisi ya kusikilizwa, iliyotunzwa vizuri, mbele ya maikrofoni. Amplifaya hizo zinazidi kuzeeka, na vipuri vyake vya awali havitengenezwi tena. Mafundi wanaozitunza na waandishi wa programu wanaoziiga wanahudumia kumbukumbu moja: wa kwanza wanahifadhi chanzo, wa pili wanakisambaza. Chanzo kikifa kabla hakijanakiliwa vizuri, hakuna programu itakayokirejesha.